Yaya Anajibu: Brussels Peke Yako, Laptopu Mu Sakoshi

Mwezi huu barua nyingi zimezunguka jambo moja: vijana wetu wenye kufanya kazi mtandaoni wanataka kwenda kukaa kidogo mu miji mikuu ya zamani ya Ulaya, peke yao, wanatembea na huku kazi inaendelea. Tumechagua barua tatu. Ya kwanza itachukua nafasi kubwa juu inagusa Lubumbashi yetu kuliko mwenye kuiandika anavyofikiri.

Barua ya kwanza

Jambo sana Yaya. Niko msichana wa miaka 27, nakaa Kampemba, kazi yangu ni kutafsiri na kuandika yale maneno ya chini ya video, wateja wangu wote wako Montréal na kila kitu kinapita mu intaneti, wananilipa kwa dola. Nimechanga makuta na mwezi wa 6 nataka kwenda Brussels wiki nne, peke yangu, sina ndugu kule wala rafiki. Nataka kuona ule mji wa zamani wenyewe, lakini wateja nisiwaache juu nikipotea mwezi mzima watatafuta mtu mwingine. Sasa nauliza: viza wanatoaga kwa mtu kama mimi asiye na patron? Nikiwa kule na viza ya utalii naruhusiwa kufungua laptopu na kufanya kazi? Nitatembea wapi, mimi najua paka Grand-Place, ule uwanja wa katikati, na Matonge, mtaa wa Waafrika, naogopa nitapiga foto siku mbili kiisha najifungia chumbani. Na msichana peke yake anajilinda namna gani? Baba mdogo anasema Brussels watu wanaendaga kununua magari na kurudi, kutembea mu mji wa wazungu ni kutupa falanga. Naomba unijibu kwa urefu.

Msomaji wa Kampemba

Jibu

Mdogo wangu, tuanze na viza juu yote mengine yanasimama hapo. Kwa wiki nne unaomba viza ya muda mfupi ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizounganisha mipaka, ile inayokupa siku 90 za juu kabisa ndani ya kila siku 180. Tangu mwezi wa 6 mwaka 2024 bei yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na wakikukatalia hazirudi. Dosye unaweza kuiweka kuanzia miezi 6 mbele ya safari, na mwisho kabisa ni siku 15 mbele. Kwa kawaida wanajibu mu siku 15 lakini sheria inawaruhusu kuvuta mpaka 45, kwa hiyo mwenye kutaka kupanda ndege mwezi wa 6 asingoje mwezi wa 5. Pasipoti iwe haijapita miaka 10 tangu itolewe, iwe na kurasa mbili nyeupe, na iwe na uzima wa miezi 3 nyuma ya siku utakayotoka Ulaya. Asiransi ya safari ifike angalau euro 30,000. Anzia konsula ya Ubelgiji hapa hapa Lubumbashi, wakueleze dosye yako inapokelewa wapi na karatasi gani wanadai mwaka huu.

Kukosa patron si kufunga mlango, lakini ni kazi zaidi kwako. Yule anayesoma dosye anatafuta vitu viwili tu, kama una pesa za kukaa na kama una sababu ya kurudi nyumbani. Mtu wa mshahara anatoa barua ya patron na congé yake na yamekwisha, wewe unabidi kujenga ile picha kwa karatasi: jiandikishe kwenye Guichet unique upate RCCM, ile karatasi ya kuandikisha biashara, uwe na namba ya kodi, weka kontra za wateja wako wa Montréal, faktire za miezi ya nyuma, na karatasi za banki zinazoonyesha dola zinaingia mwezi kwa mwezi. Hapo njo watu wengi wanaanguka. Wanakopa kwa rafiki, wanaweka elfu kadhaa kwa banki wiki mbili mbele ya dosye, wanafikiri akaunti iliyojaa itawasaidia, na kumbe anayesoma anaona paka siku moja pesa zimetoka mbinguni. Akaunti ndogo yenye kupumua kila mwezi inaongea vizuri kuliko hiyo. Na kwa sababu huna ndugu wa kukufanyia prise en charge, ile karatasi ya kukubali kukubeba, utaweka rezervasyo ya kulala kwa siku zako zote.

Swali la laptopu nitakujibu wazi, juu kuna watu mtandaoni wanalijibu haraka haraka. Ubelgiji haina viza ya nomadi wa dijitali. Viza ya utalii haikupi haki ya kufanya kazi kule, na mgeni wa inje ya Ulaya mwenye kutaka kujitegemea kikazi ndani ya Ubelgiji anaombaga carte professionnelle, dosye tofauti kabisa na yenye masharti yake. Kesi yako, ya kuhudumia wateja wa Canada siku chache ukiwa mgeni, iulize konsula kwa maandishi, ueleze kweli unafanya nini, na jibu lao ulitunze pamoja na karatasi zako za safari. Wakikukatalia, unatii. Mteja wa Ubelgiji usimguse hata akikubembeleza. Na hata wakikujibu vizuri mimi nakushauri zile kazi kubwa uzimalize mbele ya kupanda ndege, wateja uwaambie mapema mwezi wa 6 utapokea kidogo, wiki nne ziwe za kutembea na kazi ibaki pembeni. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2025 kuna mfumo mpya kwenye mipaka ya Schengen, wanachukua alama za vidole na sura na kompyuta inahesabu siku zako yenyewe, kwa hiyo usijaribu kuongeza wiki ya tano.

Haya, saa. Hapa una bahati kubwa na sidhani uliiona. Tangu Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 3 mpaka ya mwisho ya mwezi wa 10, saa ya Brussels na ya Lubumbashi ni moja. Montréal iko nyuma masaa sita, maana yake wateja wako wakifungua ofisi saa tatu yao ya asubuhi, kwako ni saa tisa ya mchana. Asubuhi yote ni yako! Na mwezi wa 6 jua la Brussels linazama karibu saa nne ya usiku, kwa hiyo hata ukikaa na laptopu masaa matatu kuanzia saa tisa, ukitoka inje bado ni mwanga wa kutosha. Pa kukaa ni Muntpunt, maktaba ya katikati ya mji karibu na Place de la Monnaie, ni ya watu wanaosema Kiflemi lakini mlango uko wazi kwa wote, kuna meza, kuna prise, kuna wifi, hakuna anayekuuliza umenunua nini. Kuna na Maktaba ya Kifalme, KBR, kule Mont des Arts, pale unabidi kujiandikisha kama msomaji lakini utulivu wake sijauona kwingine. Simkadi unainunua na pasipoti mkononi, wanaandikisha kila mtu. Prise ni za pini mbili za duara kama zetu nyingi za hapa. Kadi ya banki yenye Visa ao Mastercard usikose, juu tangu mwezi wa 7 mwaka 2022 sheria ya kule inalazimisha kila mfanyabiashara akubali malipo ya elektroniki na watu wengi hawabebagi falanga tena, hata mu metro na tramu unagusisha kadi kwenye mashine na unapita.

Sasa mji wenyewe. Grand-Place nenda siku ya kwanza, mapema, mbele ya saa mbili ya asubuhi, uipate bila watu. Jua kitu kimoja tu ukiwa pale: hizo nyumba zenye dhahabu si za zamani sana kama watu wanavyodhani. Mwezi wa 8 mwaka 1695 majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa, chini ya marshal Villeroy, yalipiga mji kwa mizinga siku mbili tatu, karibu uwanja wote ukaungua, na vyama vya mafundi na wafanyabiashara, watengenezaji wa bia, wauza mkate, waseremala, njo walijenga upya kwa miaka michache tu. Mnara wa hotel de ville wenye urefu wa mita 96, wa karne ya 15, ulibaki umesimama. Hapo karibu utaona Manneken Pis, mtoto mdogo wa shaba, kopi ya ile sanamu ya mwaka 1619, unamwangalia dakika mbili na unapita. Usidhani pia kwamba mji mkuu huu hauna mto, uko nao, unaitwa Senne, ila waliufunika kati ya 1867 na 1871 juu ulikuwa unanuka na kuleta magonjwa, zile boulevard kubwa za katikati zinapita juu yake.

Kiisha panda juu, kwa miguu, mpaka Place du Trône. Hapa njo baba mdogo ningependa angekuwa na wewe. Kuna sanamu kubwa ya Léopold II juu ya farasi, kazi ya Thomas Vinçotte, waliizindua 1926. Watalii wanapita nayo kwa bisi bila kusimama. Wewe shuka, zunguka msingi wake, tafuta yale maandishi madogo, utasoma kwamba shaba na bati za hiyo sanamu zilitoka Congo na zilitolewa bure na Union Minière du Haut-Katanga. Bure! Wazee wetu walichimba, wakabeba, wakayeyusha, na mwisho wa safari ni mfalme juu ya farasi mbele ya bustani ya ikulu. Union Minière ilianza 1906, mji wetu Élisabethville 1910, tanuru la Lubumbashi 1911, ile shemine na terili unaviona kutoka karibu kila mtaa wa hapa, na makao makuu ya hiyo kampuni yalikuwa Brussels. Gécamines ilizaliwa 1967 serikali ilipochukua migodi, na Union Minière iliyobaki kule ilibadilisha jina mwaka 2001 kuwa Umicore, bado iko Brussels. Mwezi wa 6 mwaka 2020 vijana waliimwagia hiyo sanamu rangi. Mimi sikuambii uihisi vipi. Nakuambia tu kwamba mtoto wa Kampemba akisimama pale hasimami mu historia ya wageni, na kwa hiyo maneno ya baba mdogo, kwa heshima yote, sikubaliani nayo.

Ukitoka pale Porte de Namur ni dakika chache, na pembeni yake kuna Square Patrice Lumumba, waliifungua tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2018, kwenye mlango wa Matonge. Kwa mtu wa Lubumbashi jina hilo ni zito, aliuawa hapa kwetu tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, na jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, Wabelgiji walilirudisha kwa familia kule Brussels tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2022, likapitishwa mpaka Shilatembo, pale alipouawa, mbele ya kuzikwa Kinshasa. Ukifika wakati huo wa mwezi wa 6 pengine utakuta watu wanaweka maua. Kiisha ingia Matonge yenyewe, chaussée de Wavre na zile galerie zake, ule. Bukari iko, sombe iko, makayabu iko, bei si ya soko la Mzee la hapa kwetu lakini tumbo litatulia. Lingala utaisikia kila kona, Kiswahili kidogo, ila ukianza kusalimia kwa Kiswahili mtu atageuka.

Asubuhi ingine shuka Mont des Arts, pale kuna jengo la mikutano la zamani, Palais des Congrès, sasa wanaliita Square. Ndani yake mwezi wa 1 na wa 2 mwaka 1960 walikaa kwenye Meza ya Duara, ile mikutano ya Wacongo na Wabelgiji, na wakapanga uhuru uwe tarehe 30 mwezi wa 6. Tshombe alikuwepo na chama chake cha Conakat. Lumumba alikuwa mu gereza la Jadotville, Likasi ya leo, walimtoa tarehe 25 mwezi wa 1 juu wajumbe wengine walikataa kuendelea bila yeye, akapanda ndege Élisabethville na kuingia Brussels. Fikiria hiyo safari, Likasi na Brussels ndani ya siku mbili. Na African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa huko huko, walipigia wajumbe muziki mu hoteli Plaza, boulevard Adolphe Max, jengo bado linasimama, unaweza kupita mbele yake.

Tervuren, kule kwenye museo ya Afrika, ipe siku nzima, si Jumatatu, wanafunga. Unachukua metro mpaka Montgomery, kiisha tramu 44, safari yenyewe ni nzuri, inapita mu miti mikubwa ya pori la Soignes mpaka mwisho wa laini. Mbele ya kuingia museo, tafuta kanisa la Saint-Jean katikati ya mji mdogo wa Tervuren. Pembeni mwa kanisa kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Léopold alileta Wacongo 267 kwa maonyesho, wakawekwa mu vijiji vya kuigiza watu wawaangalie, saba wakafa kwa baridi na magonjwa: Sambo, Zao, Ekia, Gemba, Kitukwa, Mibange, Mpeia. Soma majina kwa sauti, mdogo wangu, hakuna atakayekukataza. Kiisha museo. Ilifunguliwa 1910, ikafungwa 2013, ikafunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 2018 imebadilishwa. Mu ukumbi mmoja kuna ukuta wenye majina zaidi ya 1,500 ya Wabelgiji waliokufa Congo, na fundi wetu Freddy Tsimba wa Kinshasa aliandika majina ya Wacongo waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha, jua likipiga kivuli cha majina yao kinaanguka juu ya yale ya ukuta. Kwa hiyo nenda siku ya jua, hilo ni ombi langu. Ulizia pia sanamu ya Lusinga, chifu wa Watabwa wa kule Tanganyika, upande wa Moba. Mwaka 1884 watu wa afisa mmoja Mbelgiji, Émile Storms, walimuua, wakamkata kichwa, na kichwa na sanamu vyote vikasafirishwa Ubelgiji. Storms alikuwa na sanamu yake ya kichwa mu bustani ya Square de Meeûs huko Ixelles, waliiondoa mwezi wa 6 mwaka 2022. Huyu Lusinga ni wa Katanga ya zamani, na wangapi kati yetu tulifundishwa jina lake shuleni?

Mengine nayapitia haraka. Atomium, mita 102, ya maonyesho ya 1958, nzuri kwa macho, lakini jua kwamba mwaka huo pia waliweka kijiji cha Wacongo, na hao ndugu walirudi nyumbani mbele ya wakati juu ya matusi ya watazamaji. Nyumba za Victor Horta, kama unapenda ufundi wa chuma na vioo nenda Saint-Gilles kwenye nyumba yake mwenyewe. Ile ya avenue Palmerston aliijengea Edmond van Eetvelde, mkuu wa utawala wa Congo ya Léopold, ukiwa pale utajua pesa ya kujenga ilitoka wapi. Place Poelaert mbele ya Palais de Justice jioni, mji wote wa chini unauona bure, na kuna lifti ya vioo inakushusha Marolles, mtaa wa watu wadogo wadogo wenye soko la vitu vya zamani kila asubuhi kwenye Place du Jeu de Balle. Maison de l'histoire européenne haina malipo, mvua ikinyesha nenda huko.

Kuhusu kujilinda: lala Ixelles, Etterbeek ao sehemu ya juu ya Saint-Gilles, si karibu na Gare du Midi wala Gare du Nord. Vituo hivyo mchana vinapitika, shika tu simu na sakoshi mbele yako, usiku usizurure. Wezi wa kule hawakupigi, wanakuchomolea mu metro wewe unaangalia karta. Mtu akikusumbua namba ni 112. Pasipoti tembea nayo umeificha vizuri, kopi iache chumbani. Na upweke wa mwenye kusafiri peke yake unakujaga jioni, karibu wiki ya pili, usiufiche. Jiunge na ziara za kutembea kwa miguu kuhusu alama za ukoloni, kuna vyama vya Waafrika wa kule vinaziongoza Matonge na mjini, utapata watu wa kuongea nao mu masaa mawili kuliko kukaa mwezi mu kafe. Jumapili nenda misa ao kanisa unalosali, wa kwetu wako wengi.

Barua ya pili

Salamu Yaya, mimi niko Bukavu, nafanya programu kwa kampuni ya inje. Siku 90 kwangu ni kidogo, nataka mwaka mzima Ulaya, mu mji mkuu wenye historia, na nikifanya kazi kwa haki kabisa bila kujificha. Iko nchi ya namna hiyo?

Kijana wa Kadutu

Jibu

Iko, na ya kwanza ninayokutajia ni Ureno, mji wake Lisbon. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2022 wana viza wanayoiita D8, ya wenye kufanya kazi mbali kwa kampuni za inje ya Ureno, kuna ya kukaa mpaka mwaka mmoja na kuna ya kuelekea kwenye kibali cha makazi. Sharti lake kubwa ni mapato: wastani wa miezi mitatu ya mwisho ufike mara nne ya mshahara wa chini wa Ureno. Mwaka 2025 mshahara huo ulikuwa euro 870, piga mara nne ni 3,480 kwa mwezi, na kila mwaka wanaupandisha. Najua hiyo hesabu inawafunga wengi wetu na nasema wazi kwamba ni kubwa, lakini wewe wa programu pengine unafika ao unakaribia. Dosye ni ya ambasade ya Ureno, Kinshasa. Estonia pia iko na viza kama hiyo tangu 2020, mji wake Tallinn una kuta za zamani zenye uzuri, lakini baridi yake ni ya kuogopa na mapato wanayodai si madogo.

Ukifika Lisbon milima haitakuchosha wewe mtu wa Bukavu. Tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wengi wakiwa kanisani, ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda, moto ukamaliza yaliyobaki. Waziri wa mfalme, anayejulikana kama Marquês de Pombal, akasimamia kujenga upya mtaa wa Baixa kwa barabara nyoofu na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta, cha kupinda bila kuvunjika ardhi ikitikisika. Wewe uliyeona Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2008 utaelewa hizo mbao haraka kuliko mtalii yeyote, waulize wakuonyeshe nyumba ambayo kiunzi kimeachwa wazi. Alfama, mtaa wa wavuvi na ngazi, ulibaki kwa sehemu kubwa, huko unaona mji ulivyokuwa mbele ya tetemeko.

Na usiondoke bila kwenda Torre do Tombo, archive ya taifa. Mule njo kuna barua za Afonso wa kwanza, mfalme wa Kongo, Mvemba a Nzinga, kwa wafalme wa Ureno. Mwaka 1526 alimwandikia João III akilalamika kwamba wafanyabiashara wanabeba watu wake, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake, na nchi inabaki tupu. Mwafrika anaandika barua, miaka 500 iliyopita, anamwambia mfalme wa Ulaya acha. Belém, na mnara wake na monasteri ya Jerónimos, nenda baada ya hapo, utaangalia yale mawe na macho mengine.

Barua ya tatu

Yaya, congé yangu inaanguka mwezi wa 12. Brussels wakati huo inafaa ao ningoje? Na kuna kitu cha kubeba kutoka hapa ambacho watu wanasahau?

Mama wa Katuba

Jibu

Mama, inafaa kama unapenda taa za Noeli, mji wa katikati unajaa soko lao la sikukuu tangu mwisho wa mwezi wa 11 mpaka mwanzo wa mwezi wa 1. Ila hesabu mwanga: jua linatoka karibu saa tatu kasoro ya asubuhi na kabla ya saa kumi na moja ya jioni limezama, na mara nyingi ni mawingu na mvua nyembamba siku nzima. Brussels wakati huo iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo vya inje vyote panga katikati ya mchana, makumbusho yabaki kwa saa za mvua, na viatu viwe vya kuzuia maji, koti unaweza kulipata kule Marolles kwa bei ya chini kuliko kununua jipya hapa.

Cha kusahauliwa ni kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Ubelgiji hawatakiuliza, lakini ukirudi kwenye aeroport yetu ya Luano watakidai. Dawa zako za kila siku beba za kutosha pamoja na ordonanse ya daktari, juu farmasi ya kule haitakuuzia nyingi kati ya hizo bila karatasi. Na kama unapitia Addis na Ethiopian, vitu vya muhimu weka mu sakoshi ya mkononi, pamoja na sweta, juu unapanda ndege mu joto la mvua zetu na unashuka Zaventem, aeroport ya Brussels, mu baridi. Chini ya aeroport kuna gare, treni inakufikisha Bruxelles-Central kama dakika 20.